Hatua Aliyoificha Profesa wa Mapaa

Mafundi wana tabia moja mbaya na hakuna anayeisema, kwa hiyo naisema mimi. Ukimwomba fundi akufundishe kazi, atakufundisha yote isipokuwa kitu kimoja. Kimoja tu. Hicho atakibana mpaka kaburini, ili siku mambo yakikuharibikia urudi kwake umeinamisha kichwa.

Profesa alilelewa hivyo. Uprofesa wenyewe msiulize, shule aliiacha darasa la saba. Ni fundi wa bodi za magari, ana miaka sitini na mbili, kiganja kigumu kama soli ya buti. Jina alipewa na kundi la simu la wapenzi wa magari ya zamani, watu mia mbili na kitu ambao wangependa kung'arisha bampa kuliko kuongea na watoto wao. Humo ndani yeye ni mfalme, na ufalme wake ni yale mapaa magumu ya kuvua na kuvaa, yanayofungwa kwa boliti juu ya gari dogo la wazi. Yakizeeka hushika kutu, mpira wa pembeni unakatika, kitambaa cha dari kinaning'inia kama soksi. Ni wachache wanaojua kuyafufua.

Mwaka huu walimsumbua mpaka akakubali kuandika mwongozo. Hatua kumi na moja, picha arobaini, kila kitu wazi. Watu walimmiminia sifa hadi simu ikapata moto. "Mungu akuweke, Profesa." "Ungekuwa jirani ningekuoshea gari kila Ijumaa." Mzee akawa anatembea kifua mbele hata akienda kununua chumvi.

Wasichojua ni kwamba kati ya hatua ya sita na ya saba kulikuwa na hatua nyingine. Hiyo aliiruka makusudi, na alilala usingizi mzuri tu.

Sasa, Profesa ana gari lake mwenyewe, la milango miwili, rangi ya maziwa. Paa lake limekaa miaka tisa nyuma ya nyumba ya shemeji yake limefunikwa turubai. Ya wenzake anafufua, lake analitazama. Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mapazia kwa sababu ndiyo kazi yake, aliamua kumshangaza. Wapenzi wa magari walikuwa na mkutano wao Jumamosi, na mzee alikuwa amealikwa kama mgeni wa heshima. Haiwezekani mgeni wa heshima wa mapaa aje na gari lisilo na paa. Akachapisha mwongozo wa mumewe, akamshika mkono kaka yake, yule shemeji mwenye turubai, wakafanya kazi wiki sita kwa siri. Kila alasiri alikuwa anaaga kwamba anakwenda kupima madirisha ya mteja. Hayo madirisha ya mteja huyo yangetosha ikulu.

Alhamisi saa tisa mchana akamwita mzee aje na gari kwa shemeji yake. Wakalipandisha paa, wakakaza boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila boliti ilipokazwa, kitambaa cha dari kilijikunja kidogo. Ya mwisho ilipoingia, dari ilikuwa na mikunjo kama shuka la mgonjwa.

"Shemeji," kaka mtu akasema akijizuia kucheka, "hili paa limezeeka ghafla."

"Mmefuata mwongozo?" Profesa akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Swali gani hilo, baba watoto?" Mama Mapazia akatoa karatasi zake, kila hatua imewekewa tiki nyekundu. "Msasa mpaka uone chuma. Nimepiga msasa mpaka kucha zikaisha. Rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Nimepaka mara mbili."

"Labda gundi haikushika."

"Uliandika dakika kumi. Nilitega saa."

"Labda kitambaa basi, ulikivuta..."

"Kitambaa? Mimi? Miaka thelathini nashona, leo unifundishe kitambaa?"

Kaka mtu akaangalia juu kana kwamba anahesabu mawingu. Mama Mapazia akazunguka gari mara mbili, akapapasa dari, akaketi juu ya kopo la rangi.

"Basi ni mikono yangu," akasema. "Nimekuharibia paa lako, mume wangu. Nisamehe."

Hapo ndipo mtu anapopimwa. Mzee angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangeisha. Heshima yake kwenye kundi ingebaki, Jumamosi angepigiwa makofi, na mkewe angebaki akiamini kwamba mikono yake haifai. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini huu ulikuwa umemchoma mwenzake.

"Kuna hatua haipo," akasema.

"Haipo wapi?"

"Kwenye mwongozo."

"Ulisahau?"

Akajikuna shingo. "Sikusahau."

Ikabidi aseme yote. Paa likivuliwa hutanuka, miguu yake inaachana vidole viwili. Ukibandika kitambaa limetanuka, siku ukikaza boliti linarudi ndani na kitambaa kinakunjamana. Kwa hiyo unalifunga kwanza kwenye gari, unapima upana wake, unalivua, halafu unalibana kwa mkanda upana ubaki ule ule. Ndipo upake gundi. Mkanda tu! Hata mkanda wa kufungia mizigo unatosha.

"Wiki sita," Mama Mapazia akasema taratibu. "Lete simu."

Akamfanya arekodi sauti, maana maandishi mzee angeyapamba. Mimi nami nimo kwenye kundi, nimeisikiliza ile sauti mara saba. "Ndugu zangu, kuna hatua imesahaulika..." Nyuma yake unasikia, "Imesahaulika na nani? Sema nimeificha!" "...nimeificha..." "Makusudi!" "...makusudi, ndugu zangu." Halafu kicheko cha shemeji mpaka mwisho.

Kundi likalipuka. Kumbe watu kumi na tisa walikuwa na mikunjo na kila mmoja alinyamaza akidhani mjinga ni yeye. "Mke wangu ameniita bure mwezi mzima!" mmoja akaandika. Mwingine akataka Profesa avuliwe cheo. Mwalimu mmoja mstaafu akajibu kwamba asivuliwe, apewe mtihani.

Jumamosi mgeni wa heshima alifika na gari wazi, jua linamchoma upara, na mfuko umejaa mikanda. Hakupanda jukwaani. Alishinda amepiga magoti chini ya mapaa ya watu, akibandua vitambaa, huku Mama Mapazia amemsimamia, anauliza kila alipotulia, "Na hapo? Umewaambia yote?"

Juzi ameweka mwongozo mpya, wa milango. Kabla mtu hajasema asante, Mama Mapazia akaandika chini yake: "Msiguse kitu bado. Yuko hapa mbele yangu, naendelea kumhoji."