Miguu ya Ndege ya Baba Karwirwa

Mume wangu Kaimenyi ni fundi wa springi za lori pale Makutano, na tangu tuoane ametamba kwa jambo moja tu: kazi yake hairudi. Lori likitoka mikononi mwake, dereva harudi na shida ileile. Sasa kuna kidege cha rimoti kinachorudi kila Jumapili, na nyumba nzima imekosa amani.

Kidege hicho alitumiwa na binti yetu Karwirwa, anayefanya kazi Qatar. Kuruka kinaruka. Shida ni kutua. Kikigusa tu nyasi za kile kiwanja nyuma ya uwanja wa mpira wa Kinoru, miguu yake yenye magurudumu inakunjika na pua inalima. Basi Kaimenyi akakifanyia alivyozoea kufanyia malori: akatoa zile waya nyembamba, akaweka chuma cha springi. Jumapili iliyofuata miguu haikukunjika. Iling'oka na nusu ya tumbo, maana ndege yenyewe ni ya foamu, kama ile inayokuja kwa boksi la televisheni.

"Chuma iko sawa," akasema, ameishika miguu mizima mkononi. "Ni mwili ndio mbaya."

"Baba Karwirwa, hiyo si lori. Weka kitu inaweza kunjika kidogo."

"Ikikunjika si nimeshindwa?"

Akapaka gundi, akatia kibao tumboni, akaongeza chuma. Ndege ikawa nzito, ikaanguka kwa kishindo zaidi. Meza yangu ya kulia ikajaa gundi, tukawa tunakula sahani zikiwa magotini. Nilichoka mpaka sikutaka kusikia neno gurudumu.

Kilichonikera zaidi ni kwamba Karwirwa alikuwa amekuja likizo, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na likizo yenyewe ilikuwa inayoyoma. Kila siku anamwuliza baba yake, "Tunaenda kurusha lini?" Kila siku anajibiwa, "Ngoja nimalize miguu." Mtoto angerudi Qatar bila kuiona zawadi yake hewani hata mara moja.

Asubuhi ya kuondoka kwake, Kaimenyi akiwa anaoga, niliifungua ile miguu nikaizika ndani ya gunia la maharagwe.

Aliipindua nyumba juu chini. Nilimwambia gari la Nairobi halitamngoja yeye na vyuma vyake. Mwishowe akakibeba kidege hivyo hivyo, amenuna, tukaenda kiwanjani.

Bila magurudumu hakingeweza kukimbia chini, ilibidi mtu akitupe. Karwirwa akavua viatu, akatimua mbio, akakirusha kwa nguvu zake zote. Kikapanda! Akakimbia chini yake akipiga kelele kama alivyokuwa akifanya utotoni. Kisha baba yake akakishusha polepole, kikateleza kwa tumbo juu ya nyasi mpaka karibu na binti yake. Hakuna kilichovunjika.

"Baba, imetua!"

"Hiyo si kutua," Kaimenyi akanguruma. "Hiyo ni kuanguka vizuri."

Jioni, Karwirwa akiwa ameshaenda na nyumba imepooza, niliichomoa miguu kwenye gunia nikaiweka mezani mbele ya Kaimenyi. Nilingoja anifokee. Aliichukua, akabandua harage lililokuwa limekwama kwenye gurudumu.

"Rudisha tu huko kwa gunia," akasema. "Ikiwekwa hizi miguu, Karwirwa akikuja atakuwa anatupa nini?"