Shemeji Katika Picha za Kipaimara

Lenzi ile ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono, niliinunua gulioni Mlola kwa mjane wa mpiga picha, nikaisafisha kuvu mpaka ikang'aa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaiazima, kisha akautangazia ukoo mzima kuwa ameinunua Dar.

Siku ya kipaimara cha binti yake, akanikabidhi kamera mbele ya wageni, lenzi yangu ikiwa imefungwa pale. "Piga taratibu, hiyo ni mali." Nikaupapasa mkwaruzo ninaoujua, nikasema, "Sawa, shemeji."

Mtu huyu kila picha lazima asimame mbele ya wenzake. Basi nikalifungua tundu la mwanga la lenzi mpaka mwisho, nikaizungusha mpaka waliokuwa nyuma yake wakaonekana wazi, yeye akafifia. Nikamaliza mkanda mzima hivyo hivyo.

Picha zilipotoka kusafishwa, binti anang'aa, mchungaji unaweza kumhesabu meno. Yeye tu ndiye moshi uliovaa tai.

Akanijia amevimba. "Umeniharibia!"

"Lenzi ni yako, shemeji," nikamjibu. "Yangu ingekutoa vizuri, ila iliibiwa."