Maji ya Bure Nyumbani Kwetu

Nichekeni tu, nimeshazoea. Robine za mtaa wetu, yaani mabomba ya maji, zilikuwa zimekauka, na parokia yetu ilitaka ramani kwenye tovuti yake, watu waone maji yanapatikana wapi. Nikajitolea. Sijui kuandika programu hata mstari mmoja, lakini siku hizi mtu anabofya tu na ramani inajitengeneza. Nikajiona injinia.

Ili kujaribu, niliweka alama juu ya nyumba yetu hapa Majengo, nikaandika: "Maji safi, bure, saa zote." Nikabandika na picha yangu nikinywa glasi ya maji, natabasamu kama mjinga. Kisha nikaweka robine za kweli zilizokuwa bado na maji, za Munigi na kwingine, nikaiweka ramani hewani. Ile alama ya majaribio nikaisahau palepale.

Jumapili padri akaitangaza kanisani. Kesho yake asubuhi nikasikia bidoni za kuchotea maji zikigongana langoni. Wamama walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wengine wametoka mbali kwa miguu, juu ya mawe ya volkano. Ndani kwetu kulibaki maji ya sufuria moja.

"Bamama, hapa hakuna maji," nikawaambia. "Kuko mutu aliwadanganya. Mutu mubaya sana."

Mama mmoja, mtoto mgongoni, akatua bidoni yake tupu. Akatoa telefone, akafinya ile alama, akaisogeza karibu na uso wangu.

"Papa," akasema polepole, "si ni weye huyu, uko unakunywa?"