Kigoda Juu ya Meza ya Kona

Sokoni kwetu mtu akiondoka kidogo kwenye meza yake, iwe anakwenda msalani au kutafuta chenji, hapigi kelele kwamba anarudi. Anapindua kigoda chake, anakiweka juu ya meza miguu ikitazama juu, basi. Meza yenye kigoda cha namna hiyo haiguswi. Huweki beseni lako hapo hata kwa dakika moja, huegemei, na mtoza ushuru mwenyewe anapita kama hajaiona. Maana yake mwenye meza yupo, anarudi.

Mzee Mizani amekuwa akipindua kigoda cha mkewe kila asubuhi tangu mkewe afariki.

Jina la Mizani alilipata langoni, pale malori yanaposhushia, kwa kuwa ndiye anayepima magunia. Mizani yenyewe ni ile ya kuning'inia, yenye uso wa duara kama saa na mshale mwekundu, imefungwa kwenye boriti ya chuma. Gunia linatundikwa kwenye ndoano, mshale unacheza, unatulia, mzee anatamka uzito na mjadala umekwisha. Muuzaji anaondoka akinung'unika kuwa amepunjwa, na mnunuzi naye anaondoka akinung'unika hivyo hivyo, kwa hiyo wote tunajua kuwa mzee hapendelei.

Mkewe tulimwita Mama Vitunguu. Meza yake ilikuwa konani, mgongo ukutani, karibu na bomba la maji, na meza yangu ya ndoo na mabeseni ilipakana na yake. Tuliitana dada, ndiyo maana mumewe ananiita shemeji.

Hao wawili walijuana kwa ugomvi. Alikuja sokoni msichana mgeni, akapimiwa gunia lake la kwanza, akasema mbele ya watu kuwa mizani ile ina njaa, inakula kabla ya wenye mali. Mizani, wakati huo kijana mwenye maringo, akamwambia kama anajua zaidi, gunia linalofuata akadirie kwa macho. Akakadiria. Mshale ukatua pale pale alipotaja. Watu walicheka mpaka mchukuzi mmoja akaangusha mzigo.

Tokea hapo ukawa mchezo wao. Gunia likitundikwa, Mama Vitunguu analitupia jicho mara moja kutoka konani na kutaja uzito kwa sauti kabla mshale haujatulia. Akipatia, Mizani anajifanya kiziwi. Akikosea, mzee anampigia kelele kutoka langoni, "Leo macho yako yamelala wapi?" Naye anamjibu, "Yamelala kando yako unavyokoroma, yatapumzika saa ngapi?" Ndoa yao yote waliongea hivyo, mume langoni, mke konani, na soko zima katikati tukisikiliza bure.

Mama Vitunguu alikuwa na maumivu ya kichwa. Aliyaita mgeni wake. Mgeni akija, anajifunga kitambaa kichwani kwa nguvu, anameza vidonge vya dukani kwa chai, anaendelea kuuza. Kituo cha afya kipo ng'ambo ya barabara kuu, na presha walikuwa wanapima asubuhi tu. Asubuhi ndiyo soko. Mtu wa ofisini anaomba ruhusa na mshahara wake unabaki palepale. Mwenye meza akiondoka asubuhi, wateja wake wanahamia kwa jirani na mzigo unaozea pale pale. Watu wa nyumba za juu, kule kwenye mageti, walifika kituoni na magari yao, wakapimwa, wakapewa dawa, wakazeeka. Sisi tulikuwa tunafika huko tumebebwa.

Yeye alibebwa alasiri moja. Aliinama kuokota kitunguu, mkono ukakataa kumtii na mdomo ukaenda upande. Mizani aliliacha gunia likining'inia kwenye ndoano, akakimbia. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba presha ilikuwa juu, pengine kwa miaka mingi. Tulipokuwa tunarudi bila yeye, Mizani aliniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei.

"Shemeji, hicho kitu mimi ningekipima kwa mizani ipi?"



Kesho yake baada ya mazishi alikuja kazini. Alipitia konani kwanza, akafuta meza, akapindua kigoda. Ushuru wa meza ile analipa mpaka leo. Na langoni ameanza tabia nyingine: mshale ukishatulia, hatamki uzito papo hapo. Ananyamaza kidogo, uso umeelekea konani. Wateja wageni wanadhani haoni vizuri, wanasogea wajisomee wenyewe. Sisi wenyeji tunasubiri naye.

Sasa, wakati huo huo sukari ilimkata mguu Kreni. Huyu ni mchukuzi aliyekuwa anabeba magunia mawili kwa pamoja, ndiyo maana akapewa jina hilo. Kidonda kidogo cha kidole alikifunga kwa kitambaa, akaendelea kubeba, na aliporudi kutoka hospitali alirudi na gongo la kutembelea. Hapo soko likaogopa. Tukaitisha kikao, tukakaa juu ya magunia matupu, na muuguzi wa kituo cha afya akaja, mwanamke wa makamo mwenye subira. Alileta mpango wa mabango na semina. Tukamwambia mabango tunayo ya kutosha, yanafunika mitumba mvua ikinyesha. Alicheka, akauliza basi tunataka nini.

Tukajadiliana kama watu wa soko. Wauza viazi walisema saa nzuri ni alasiri, malori yameondoka na watu wa kazini hawajatoka, saa ambayo kila mtu anasinzia juu ya mzigo wake. Muuguzi akakubali kuja alasiri mbili kwa wiki na mashine za presha na sukari, badala ya kutungoja ng'ambo. Tukaapa kwamba ukienda kupimwa, jirani anakuuzia na hakuibii mteja. Muuza chai akatakiwa aache kukoroga sukari kwenye birika, kila mtu ajitilie mwenyewe. Huyo alitusumbua kuliko wote, alisema tunataka kumfanya auze maji ya moto. Mwisho akakubali.

Likabaki la mahali. Muuguzi alisema anahitaji kivuli, ukuta nyuma, maji karibu, na nafasi ambayo jirani hatasikia namba yako. Hakuna aliyegeuza shingo kuangalia kona. Hapo ndipo nilipojua kwamba wote tunaifikiria.

Wakanituma mimi. Wanajua naweza kumuuzia mtu beseni lenye tundu na akaondoka akishukuru kwamba amepata chujio.

Nilimkuta Mizani anapaka mafuta ndoano. Nikaanzia mbali, hali ya malori, hali ya mvua. Akanikatiza.

"Shemeji, leo hujaja kununua. Umekuja kuninunua."

Basi nikaiweka hoja mezani. Nikamwambia tutampa meza nyingine safi, tutaandika jina la marehemu ukutani kwa rangi isiyotoka, nikamtaja Kreni, nikamtaja na dada yangu mwenyewe kwamba angeipenda kazi hii. Alisikiliza yote akiendelea kupaka mafuta.

"Ina mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe hayupo, shemeji."

Akaacha kupaka mafuta. Kisha akanyoosha kidole chenye mafuta kuelekea kona.

"Kigoda kiko juu. Unakiona au hukioni?"

Nilikiona. Nimefanya biashara muda wa kutosha kumjua mtu anayengoja upandishe dau na mtu asiye na bei. Nikaaga.

Kwa hiyo siku ya kwanza muuguzi tulimweka nyuma, karibu na jalala, chini ya turubai. Upepo ulikuwa unapeperusha turubai, na kila aliyepita kumwaga taka alisikia presha ya mwenzake. Msusi alipimwa, na kabla hajarudi kwenye kiti chake wateja walishajua. Waliobaki wakasema watakuja siku nyingine. Kreni alijaribu kufika, gongo likazama kwenye tope, akarudi. Mahali pale mpango wetu ulikuwa unakufa, na kila mtu aliona.

Muuguzi alikuwa amesimama tangu afike, hatukumpa hata kiti. Akaja bombani kunawa mikono. Akaona meza tupu na kigoda kimelala juu yake bila kazi. Si mtu wa soko, nani angemwambia? Alikishusha, akakigeuza, akakiweka chini, akaketi na kuvua viatu.

Kelele za soko zilikatika mstari kwa mstari, kutoka konani kwenda langoni. Mizani alikuwa na gunia kwenye ndoano. Akageuka aone kulikoni, akaona. Akaliacha gunia likining'inia. Mara ya mwisho kuacha gunia hivyo ilikuwa ile siku mkewe alipoanguka.

Alikuja mbio mbio kati ya meza. Nilisimama nijitie katikati, ingawa sikujua ningesema nini. Lakini muuguzi naye alishamwona, mzee anahema, jasho usoni, mkono kifuani, akawaza ambacho muuguzi yeyote angewaza. Akainuka haraka bila viatu, akamsogezea kigoda.

"Karibu baba. Pole, umekuja mbio. Kaa kwanza upumzike."

Mizani alikitazama kigoda. Muda wote ule alikuwa amekishika kila siku asubuhi, na sijawahi kumwona amekikalia. Akakaa. Kilikuwa kifupi kwake, magoti yakapanda mpaka kifuani, na siku nyingine tungemcheka. Muuguzi akamvisha mkanda wa presha, akaujaza hewa. Kifaa chake kilikuwa kile cha zamani, chenye uso wa duara na mshale mdogo. Mshale ukapanda, ukaanza kushuka, ukicheza. Mizani aliufuata kwa macho mpaka ulipotulia.

Muuguzi aliinama akamtajia namba karibu na sikio, hata mimi jirani sikuisikia. Nilimwona tu mzee akiitikia kwa kichwa. Kisha akamweleza habari ya vidonge vya kila siku, na akauliza kama alivyozoea kuuliza, "Na nyumbani, nani atakukumbusha dawa?"

 Uso wa Mizani uligeuka kama kawaida yake, ila safari hii yeye ndiye alikuwa konani, na alichokuwa anakitazama ni lango. Boriti, ndoano, gunia lililoachwa, na pale chini ya mizani nafasi tupu anaposimama yeye.

"Kumbe ukikaa huku unaona lango lote," akasema taratibu. "Alikuwa ananiona kutwa nzima."

Nilijishughulisha na ndoo zangu. Aliniita mwenyewe.

"Shemeji. Alasiri tu."

"Alasiri tu," nikasema.

"Na kigoda nakishusha mimi, nakipandisha mimi. Asikiguse mtu."

"Kishushe wewe."

Mimi nilikuwa nimekuja kutaka meza nzima, na pazia, na kabati la dawa lenye kufuli. Nilipata alasiri mbili kwa wiki. Nimewahi kufunga biashara mbaya zaidi.

Siku hizi kigoda kikiwa chini watu wanajua muuguzi yupo, wanaanza kujipanga ukutani. Kikiwa juu, meza ina mwenyewe, na hakuna anayeweka beseni pale, hata mimi. Msusi anapimwa bila soko kujua. Muuza chai bado analalamika. Mizani anameza vidonge vyake langoni, asubuhi, baada ya kutoka konani.

Juzi Kreni alikuwa kwenye foleni akisubiri kupimwa sukari. Langoni gunia likatundikwa, mshale ukatulia, Mizani akanyamaza na uso wake ukaja upande wetu kama kawaida. Sijui nini kilimtuma Kreni. Akataja uzito kwa sauti, na akakosea vibaya.

Mizani alisimama pale na mkono kwenye gunia.

"Leo macho yako yamelala wapi?" akauliza.

Jibu la Mama Vitunguu kila mtu pale sokoni analijua. Kreni akafungua mdomo, kisha akaufunga, akatazama gongo lake. Tukasubiri. Halafu Mizani akatamka uzito, na gunia likashushwa.