Maji Machanga ya Fundi Cherehani

Kila asubuhi fundi cherehani wa mtaa wa Mukendo hudondosha chembe za chakula kwenye tangi la kioo lisilo na samaki, kisha hulitazama mpaka mguu wake usahau pedali. Vidole vilivyozoea hariri hupapasa kioo polepole, kama shavu la mtoto aliyelala. Leo Matrida, aliyefuata gauni lake, amemletea zawadi: samaki wadogo wawili wa ziwani, furu, wakiwa hai, ndani ya ndoo ndogo.

“Watakufa, mama,” fundi akanong'ona. “Maji bado machanga, hayajapata vijidudu vya kula uchafu wao. Ndivyo ninavyovilisha kila asubuhi, viote.” Akachukua sponji iliyotoka kwenye tangi la rafiki yake mwenye samaki wa siku nyingi, akaikamulia ndani ya tangi lake. Maji safi yakaingia ukungu wa kahawia, ukazunguka, ukatua.

Matrida alikuwa karibu kucheka. Kisha akakiona akilini kibuyu cha maziwa cha mama yake kule Butiama.

“Mama alikuwaga hakimalizi kibuyu,” akasema taratibu. “Anabakiza mgando kidogo, ndio unagandisha maziwa mapya.”

Fundi akatabasamu bila kugeuka.

“Utaniambia maji yakikomaa,” Matrida akasema, akashika njia ya ziwani, akiibeba ndoo kwa mikono miwili isije ikamwagika.