Mti wa Avoka wa Mpakani

Mama yangu na jirani yake walikimbia vita siku moja, wakashuka mlima kwa njia moja, wakapata makazi Rugenge wakitenganishwa na uzio mmoja. Hawasalimiani. Wanagombana tu, kila mmoja upande wake wa uzio, juu ya mti wa avoka, yaani mparachichi, waliouacha mlimani kwenye mpaka wa viwanja vyao. Kijiji chetu kimebaki bila mtu hata mmoja, lakini kesi yake ni nzima, tena ina afya kunishinda mimi.

Mwaka jana jirani alichoka kubishana kwa mdomo. "Tuma mutu akapime!" alipiga kelele. Mama hakuweza kurudi nyuma, maana mtaa mzima ulikuwa unasikia. Akaniita. "Panda uone mpaka na macho yako. Ile muti iko kwetu. Nikishindwa, sitaweka tena sura yangu mu kanisa." Jirani naye akamtuma binti yake aandamane nami, nisije nikahamisha mpaka.

Hawakujua kwamba binti huyo, mwalimu wa shule, ni rafiki yangu tangu utotoni. Tulikuwa tukisukana nywele nyuma ya kanisa ili mama zetu wasituone.

Pikipiki zilitufikisha kwenye nyumba za mwisho, tukaendelea kwa miguu. Wachunga mbuzi walituambia njia imetulia siku hizo. Kijiji cha kwanza tulichokipita hatukukijua hata kwa jina. Kulikuwa na misingi ya mawe, migomba iliyogeuka pori, na ukuta mmoja wa kanisa. Mimi siwezi kupita msingi wa nyumba bila kumzulia mwenyewe maisha. Mahali palipokuwa na majiko mawili ya mafiga, yamepeana mgongo, nilitangaza kwamba hapo aliishi bwana mwenye wake wawili, na kwa woga alikula mara mbili kila jioni.

"Wapi!" mwenzangu akasema. "Ni mwanamuke moja na mama mukwe wake."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini nyumba iliyofuata ilikuwa na kikombe cha bati kilichotoboka, bado kimetundikwa kwenye kijiti, kana kwamba mtu ametoka kidogo tu na atarudi kunywa. Hapo sikuzua kitu. Niliona huzuni, nikakasirika kwa kuiona, nikamwambia twende.

Kwetu tulifika saa sita. Mti ulikuwa umesimama pale pale, mnene, umejaa matunda. Mpaka ndio ulikuwa umepotea. Ile miti midogo ambayo wazee waliipanda kwa mstari ilikuwa imezaana na kutawanyika, ikawa kichaka. Nikapima kwa hatua kutoka msingi wa nyumba yetu. Yeye akapima kutoka kwao.

"Iko kwetu," nikasema.

"Weye haupimi, unaruka!"

"Na hatua yako ni fupi sawa na uongo ya mama yako!"

Basi tukawashiana moto. Watu wazima wawili, katika kijiji kisicho na hata kuku wa kutuamua, tulitoleana maneno yote tuliyoyasikia kupitia uzio tangu tukiwa watoto. Tulikuwa tunayajua kwa moyo. Nilipofika kwenye habari ya mbuzi wao aliyekula maharage yetu, mwenzangu akaniwekea mkono mdomoni.

"Dada, nyamaza. Tunasema sawa na bao, bamama yetu."

Tuliona aibu. Tukachuma avoka, tukagawana, tukaapa kwamba kila mmoja atamwambia mama yake ameshinda.

"Na wakibishana?" akauliza.

"Waliachaga lini?"

Jioni nilimkuta Mama mlangoni, amekaa kwenye kiti kidogo na kuyakanda magoti yake.

"Iko upande ya nani?"

"Ya kwetu, Mama. Umeshinda."

Nilingoja vigelegele. Mama alichukua avoka moja, akaigeuzageuza, uso ukamshuka.

"Ulipima na kamba?"

"Na hatua."

"Haiko kupima hiyo. Utarudi na kamba."

"Mama! Umeshinda, unataka nini tena?"

Akatazama uzio, akashusha sauti. "Miye ndio nilipandaka ile muti. Nilipandaka kwao. Kwetu kulikuwa mawe tupu."

Nilishikwa na hasira. Miaka yote ile! Na mimi nilikuwa nimetoka kumtukania rafiki yangu mama yake mchana kutwa. Nikamuuliza kwa nini hakukubali mapema yakaisha.

"Watu bengine boote ba kule balishaka kufa," akasema. "Hapa Rugenge ni nani mwingine anajua ile muti? Kesi ikiisha, nitaongea habari ya kwetu na nani?"

Mara jirani akapaza sauti kule ng'ambo ya uzio. "Binti yangu amepima! Iko kwetu!"

Mama aliinuka, magoti na yote, uso unang'aa. "Muongo weye! Kwenu kuliishiaga pale kwa mbuzi yenu ya pembe moja, karibu na njia ya kisima!"

"Ile mbuzi ilikuwa na pembe mbili!"

Wakaendelea hivyo, wakataja kisima, kanisa, nyumba moja baada ya nyingine na waliolala ndani yake, mpaka ugali ukapoa. Nami sikuzua hata neno. Kesho yake Mama alinituma sokoni kununua kamba.