Jiwe la Kaka Kando ya Mnara

Kijijini kwetu, upande wa Mzenga huko Kisarawe, walijenga mnara wa vijana wetu waliokufa vitani. Una majina manne. La kaka yangu halimo.

Kaka alikuwa rubani wa jeshi. Vita vya Kagera vikiwa vimepamba moto, ndege aliyokuwa akifanyia mazoezi ilianguka, akafa hata mpaka wa Uganda hajauona. Kamati ya mnara ikasema mnara ni wa waliokufa vitani, huyu alikufa mazoezini. Mwenyekiti wa kamati aliniambia hivyo kwa upole, kama mwenye duka anayekwambia sukari imekwisha. Upole ule ndio ulionichefua. Nikamuuliza, "Kwani alikuwa anajifunza kuruka ili akauze nyanya?" Akajibu kwamba ataniletea barua.

Mama yetu ana zaidi ya miaka tisini. Macho yamezibwa na mtoto wa jicho, lakini masikio yake ni mazima. Kila nikienda kumsalimia, akishaitikia marahaba, swali ni lilelile: "Wamemwandika?" Niliogopa kwamba atakufa huku nikiendelea kumjibu, "Bado."

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Kongowe ya Kibaha. Nikaenda kwa fundi wa hapo anayechonga mawe ya makaburi, nikampa maneno: jina kamili la kaka, kisha "Rubani wa jeshi. Alikufa mazoezini, wakati wa vita." Fundi alinionea huruma. Akanishauri tuandike vitani tu, nani atajua? Nikamwambia hilo la mazoezini alichonge kubwa kuliko yote. Kaka hakuiba kifo chake, basi sina cha kuficha.

Nilijua kamati italing'oa jiwe siku hiyohiyo. Kwa hiyo sikwenda na jiwe peke yake, nilikwenda na msiba. Nilipakia kwenye kigari cha kirikuu mikeka, ubani, sufuria za pilau, na jirani yangu wa Kongowe, mwanamke wa Kinyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo. Kwetu msiba haufukuzwi, na mtani akiwa msibani hakasirikiwi, afanye atakalo.

Tukasimika jiwe kando ya mnara, tukatandika mikeka, mama tukamketisha mbele. Dua ilipokwisha, mtani akainuka. Akatanua mikono, akauzunguka mnara mbio huku akinguruma, kisha akajibwaga miguuni pa mama.

"Mzaramo gani huyu!" akapiga kelele. "Mmezoea kupanda minazi, nani kawadanganya mpande ndege?"

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka yote hiyo nilikuwa sijamsikia akimchekea kaka. Na mimi nikacheka, nikalia, nikacheka tena.

Ndipo mwenyekiti akafika, faili kwapani, barua yake ndani. Kabla hajafungua kinywa, mtani alilinyakua lile faili akalikalia.

"Barua ya nini msibani? Hulipati mpaka utusomee jiwe. Kwa sauti, mama yetu haoni."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti naye ni Mzaramo, pa kutokea hakuna. Akakohoa, akainama mbele ya jiwe. Akasoma jina la kaka, la baba, la babu, kisha akaenda mbio: "Rubani wa jeshi, alikufa wakati wa vita."

Mama akainua mkono.

"Rudia, baba. Hapo katikati umemeza neno. Miye mwanangu huyu kaniambia kaliandika."

Mwenyekiti akanitazama. Sikumsaidia. Mtani akajiweka vizuri juu ya faili.

"Alikufa mazoezini," akasema mwenyekiti, safari hii kwa sauti iliyofika barabarani. "Mazoezini, wakati wa vita."

"Ehee," mama akasema. "Huyo ndiye wangu."